Uzi: Kongano la mwani tunalo, ila majibu ya utafiti hayarudi pwani

BintiPwani (mwenye uzi)

Assalaam aleikum ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Uzi ni mrefu, nifuateni pole pole.

Mwezi uliopita tuliitwa semina ya wadau wa mwani mjini. Barua ikasema saa tatu asubuhi, na siku yenyewe ikaangukia tarehe 15 ya mwezi wa Kiislamu. Aliyezaliwa pwani ya mashariki hahitaji kuambiwa zaidi. Bamvua hilo, siku za maji kujaa na kupwa kupita kawaida. Maji yanakupwa saa nne hivi, yanakwenda mpaka karibu na mwamba, na hapo ndipo mkulima anapoingia kuvuna, kufunga mbegu na kugongomea vigingi vilivyolegea. Bamvua likimpita anangojea jengine, wiki mbili. Mama yangu hakwenda semina. Majirani zake nao hawakwenda. Nilikwenda mimi kwa kuwa siku hizi natengeneza sabuni ya mwani na baharini siingii sana. Ukumbi umejaa, wakulima wanne.

Kilichoniuma ni kwamba mada ya siku ile ilikuwa ushirikiano kati ya wazalishaji, kampuni na watafiti. Waliozungumzwa wako kwenye maji ya magoti, wenye kuwazungumza wako kwenye viti.

Nataka tulijadili hili kwa utulivu, maana mwani ni shughuli ambayo hapa kwetu ilianzia kwenye utafiti. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa akiuchunguza mwani wa pwani hizi tangu miaka ya 1970. Ilipofika 1989 kilimo cha biashara kikaanza Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Aina mbili tunazozijua wote: spinosamu na kotonii. Mama alianza miaka miwili baadaye, mimi nikiwa mgongoni. Leo wakulima ni zaidi ya 20,000 na wengi wao ni wanawake. Nyumba ngapi za bati, ada ngapi za skuli, harusi ngapi zimetoka kwenye kamba zile?

Halafu 2006 likaanzishwa Kongano la Mwani Zanzibar. Kongano, kwa wasiolizoea neno, ni watu wa shughuli moja waliokaa karibu karibu, mkulima, mnunuzi, msarifu (mwenye kusindika), fundi, mtafiti na Serikali, wakakubaliana kusaidiana kwenye yale ambayo hakuna mmoja anayeyaweza peke yake. Sokoni wanaendelea kushindana kama kawaida. Aliyelisimamia sana ni Dk. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, ile taasisi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyopo hapa hapa Unguja tangu 1978. Kwa maoni yangu kazi ile ilifanikiwa pale ilipoanza na swali la mkulima. Kotonii ndiyo yenye bei nzuri, na ndiyo iliyokuwa ikitufia. Unafunga mbegu leo, wiki ya pili unakuta vidole vimegeuka vyeupe kama vilivyochemshwa, ukivishika vinakatika. Wanawake wakauliza: mbona inakufa? Jibu likaja: maji mafupi yanapata moto kupita kiasi wakati wa kaskazi, mvua za masika zinapunguza chumvi, mmea unadhoofika na vijidudu vinamalizia. Basi ipelekwe maji marefu, ambako joto halipandi sana. Lakini maji marefu yana mawimbi, na mwani uliofungwa kwa taitai, vile vijikamba vya kufungia mbegu, unakatika. Ndipo zikajaribiwa nyavu zilizoshonwa kama soksi ndefu, mbegu unazipachika ndani, ikikua inatokeza kwenye matundu na wavu unaishika.

Swali limetoka pwani, jibu limerudi pwani. Njia ndiyo hiyo.

Sasa niseme yaliyonifika mwenyewe, bila kumtaja mtu. Miaka michache nyuma alikuja kijana wa chuo akatutaka tujaribu kuanika kwenye chanja. Kwetu mwani ulikuwa ukianikwa chini, juu ya mchanga au majani, unakusanya mchanga, unaliwa na mbuzi, mvua ikija unaroa. Chanja tukazijenga wenyewe kwa miti na wavu mkuukuu wa samaki. Kweli mwani ukatoka msafi, unang'ara, haukuwa na punje ya mchanga. Kumbukeni kilo moja ya mwani mkavu inatokana na kilo 7 mpaka 10 za mbichi, na mchanga ukitoka uzito nao unapungua tena. Tukaupeleka kwa mnunuzi. Bei ile ile. Yule wa mchanga na sisi wa chanja, bei moja. Msimu uliofuata mama alizikata chanja kuni. Kijana alikuwa ameshamaliza masomo, hakurudi kutuambia alichokiandika.

Nani wa kulaumiwa hapo? Mimi nimefikiri sana, na naona utafiti ule ulikuwa mzuri ila mnunuzi hakuwepo siku ya kuanza. Jifya moja haliinjiki chungu, na mawili pia hayainjiki.

Naomba mawazo. Khasa wenye uzoefu wa mazao mengine.

MwanaWawi

Waaleikum salaam dada. Nipo Chake Chake, nakujibu kwa upande wa karafuu, maana hilo la chanja limenigusa.

Sisi karafuu ananunua mmoja, Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC. Watu wana maneno yao juu ya mnunuzi mmoja na siyaingilii leo. Ila kuna kitu kimoja kinafanya kazi: daraja. Karafuu inapimwa na kutazamwa, ya daraja la kwanza ina bei yake, ya pili yake, ya tatu yake. Mtu akianika barabarani ikaingia mchanga na vumbi, anaiona hasara siku hiyo hiyo kituoni. Ndiyo maana mkulima wa Pemba anahangaika na jamvi. Bwana shamba anaweza kusema mpaka koo likauke, kinachomfanya mtu atandike jamvi ni ile tofauti ya bei.

Na jengine. Ukishachambua karafuu yanabaki makonyo, vile vijiti. Hapa Wawi kiwanda kinayapika kwa mvuke kinapata mafuta. Kwa hiyo takataka ya mchambuo ina mnunuzi. Watoto wanaokota makonyo uani wakaenda kuuza. Kiwanda kipo katikati ya mikarafuu, mwendo wa baiskeli. Hilo ndilo naliona mimi kongano, hata kama wenyewe hatukuwahi kuliita hivyo.

Karani_wa_Mwani

Nimesoma. Mimi nanunua mwani kwa niaba ya kampuni, eneo silitaji. Nitazungumza ukweli wangu bila kumtetea mtu.

Bi BintiPwani, bei moja kwa wote ni kweli, na sababu yake ni hii. Mwani wetu unakwenda nje mkavu kama ulivyo. Kule ndiko wanakotoa karaginani, ule ute unaofanya maziwa ya chokoleti yasijitenge na dawa ya meno ikae vizuri. Mzungu ananunua kontena, haulizi gunia la nani. Ndani ya kontena mwani wa chanja na wa mchanga umechanganyika. Kampuni ikimlipa mama yako zaidi, haina pa kuirudishia ile nyongeza, isipokuwa kontena zima liwe safi. Na spinosamu inalimwa kwa wingi sana Indonesia, sisi hatupangi bei.

Tena kampuni imetoa kamba na taitai kwa mkopo, ina hasara zake. Akija mnunuzi wa pili akalipa shilingi 50 zaidi, mkulima anamuuzia yeye, kamba zangu zimekwenda. Ndiyo maana kampuni nyingi zinaogopa kukaa meza moja. Sisemi ni sawa. Nasema ndivyo ilivyo.

BintiPwani (mwenye uzi)

Karani, shukran kwa kuzungumza. Ni mara ya kwanza mtu wa upande wako ananieleza kwa nini. Lakini tazama ulichokisema: nyongeza inapatikana kontena zima likiwa safi. Basi kijiji kizima kikianika kwenye chanja, kontena litakuwa safi au halitakuwa?

Karani_wa_Mwani

Kijiji kimoja hakijazi kontena haraka. Vijiji vitatu vinaweza. Sijawahi kulifikiria hivyo.

Fundi_wa_Maabara

Salaam. Nimefanya kazi maabara miaka mingi, nimepokea mifuko ya mwani, udongo, maji, samaki. Naomba radhi kwa niaba ya wale waliochukua sampuli wasirudi, na nieleze inakuwaje.

Mradi una miaka miwili au mitatu. Bajeti inaandikwa kabla mtu hajakanyaga pwani: safari za kuchukua sampuli zimo, kemikali zimo, safari ya kurudisha majibu haimo. Mwanafunzi anaandika kwa Kiingereza kwa sababu ndivyo atakavyopimwa. Makala ikitoka mradi umekwisha, gari limerudi, yeye ameajiriwa kwengine. Hakuna aliyekusudia kuwadharau. Lakini asiyekusudia na aliyekusudia, kwa mama aliyengojea ni sawa sawa.

Ninachokiomba ni kidogo. Siku ya kuchukua sampuli, kabla ya kuufunga mfuko, iandikwe karatasi moja ya Kiswahili mbele ya sheha, kiongozi wa Serikali pale kijijini: swali ni lipi, nani ameuliza, jibu litaletwa lini, nani atalileta. Nakala moja ibaki kijijini. Mtafiti ambaye hawezi kusaini karatasi hiyo asiuchukue ule mwani.

Na kwa wanaopenda historia ya fikra hizi: mchumi wa Kiingereza Alfred Marshall aliandika 1890 kwamba mafundi wa kazi moja wakikaa mji mmoja, ujuzi unakuwa kama uko hewani, watoto wanaudaka bila kufundishwa. Mfano wake mmoja ni Sheffield, mji wa visu. Mimi nikisoma pale nawakumbuka mafundi wa milango ya Mji Mkongwe. Baadaye, 1990, Michael Porter wa Marekani ndiye aliyelieneza wazo la kongano kwa serikali za dunia. Lakini ujuzi wa hewani unataka watu wakae wasikilizane. Taasisi yetu ya bahari na Paje zimeachana mwendo wa saa moja na kidogo kwa daladala. Masafa hayatuzuii.

ShambaJuu

Nafuatilia. Hilo la karatasi mbele ya sheha nimelipenda sana.

BintiPwani (mwenye uzi)

Fundi, Mungu akuzidishie. Sasa niwaeleze la sabuni, maana hapo ndipo nilipoona kwa macho yangu jinsi mtafiti mmoja na mizani moja vinavyoweza kubadilisha biashara.

Sabuni za mwani zilianza vikundini, Kidoti na Bweleo wametangulia na wengi tumejifunza kutoka kwao. Unachukua spinosamu kavu, unaiosha maji baridi mara tatu nne mpaka chumvi iishe, unaianika kivulini, unaisaga, unaichekecha kwa kitambaa mpaka iwe laini kama poda. Mafuta ya nazi yako tayari. Soda kali umeshaiyeyusha kwenye maji tangu jana usiku, imepoa. Unamimina pole pole huku unakoroga upande mmoja, na mchanganyiko unaanza kuwa mzito kama uji wa mtama. Hapo ndipo unatia poda ya mwani, kisha mafuta ya karafuu au mchaichai. Unamwaga kwenye kisanduku cha mbao kilichotandikwa nailoni.

Sisi soda kali tulikuwa tukipima kwa kikombe cha chai. Siku nyengine sabuni nzuri, siku nyengine inachoma mikono. Mteja mmoja wa hoteli alinirudishia miche 30, alisema wageni wanalalamika ngozi. Nililia siku ile. Nikaanza kufikiri labda mwani wenyewe ndio mbaya.

Dada mmoja mtafiti alikaa na sisi jikoni kutwa nzima, hakutoa hotuba. Alitazama tu. Jioni akasema: "Kikombe chenu kinadanganya." Soda ya vipande na soda ya unga, kikombe ni kimoja lakini uzito ni mbali mbali. Akatufundisha kuwa kilo moja ya mafuta ya nazi inataka kiasi cha gramu 180 za soda kali, na salama zaidi ni kupunguza kidogo ili mafuta yabaki kwenye sabuni, ngozi isikauke. Akatuachia mizani ndogo ya jikoni inayotumia betri. Tangu hapo sijarudishiwa hata mche mmoja kwa kuchoma. Mwani haukuwa na kosa.

Yule dada alirudi. Mara tatu. Ndiyo maana jina lake kijijini wanalijua mpaka watoto.

Ila bado nina tatizo moja, Fundi, na nakuuliza hapa hadharani: wakati wa masika sabuni zinatoka jasho. Matone matone juu, karatasi ya kufungia inaroa. Kwa nini?

Fundi_wa_Maabara

Sabuni ya kutengeneza kwa mkono inabaki na gliserini yake ndani, viwanda vikubwa wanaitoa wakaiuza mbali. Gliserini inavuta unyevu wa hewani, na masika hewa yetu imejaa maji. Kwa hiyo jasho hilo si ubovu. Inawezekana pia poda ya mwani ina chumvi iliyobaki, chumvi nayo inavuta maji, lakini hilo silisemi kwa uhakika mpaka niione. Niletee miche mitatu: mmoja wa mwani uliooshwa mara mbili, mmoja mara nne, mmoja usiotiwa mwani kabisa. Yote ya siku moja na mafuta ya dumu moja. Tutaipima uzito kila siku kwa wiki mbili, tuone upi unavuta zaidi. Kazi hii haitaki mradi wala mfadhili.

MwanaWawi

Hapo sasa mmeanza kongano mbele ya macho yetu.

Dada, na huku kwetu usitusahau. Micheweni, Tumbe na Makangale wanalima mwani, na kiwanda cha kusarifu mwani Serikali imekiweka Chamanangwe, Wilaya ya Wete. Mimi rai yangu ni moja: kiwanda kile kikawe na madaraja ya bei kama ya karafuu tangu siku ya kwanza. Tukizoea bei moja, kuibadilisha baadaye ni kazi.

Mwalimu_Tunguu

Mimi nafundisha chuo, naongeza dogo tu. Kila mwaka wanafunzi wanatafuta mada za utafiti, na wengi wanazipata kwenye makala za nje. Vikundi vingekuwa na daftari la maswali, likakaa kwa sheha au kwa katibu wa kikundi, sisi tungeyagawa kwa wanafunzi. "Kwa nini sabuni inatoka jasho" ni mada ya mwaka wa tatu kamili. "Chanja ya mita ngapi inatosha kamba 50" ni mada. Mashine ya kusagia isiyoziba kwa mwani ni mada ya mafundi wa taasisi yetu ya ufundi pale Mbweni.

BintiPwani (mwenye uzi)

Mwalimu, mashine ya kusagia! Ulijuaje? Ya mahindi inaziba kila baada ya kilo mbili, mwani ukipata unyevu kidogo unageuka gundi. Hiyo iwe swali la kwanza kwenye daftari.

Jamani nimekaa na mama usiku huu nikamsomea uzi wote. Alikuwa anasokota taitai huku ananisikiliza. La Karani limemwingia, anasema hakujua kwamba kontena linachanganywa, alidhani wanunuzi wanamdharau yeye. Yuko tayari kujenga chanja tena kwa sharti: kabla hajakata mti mmoja, Karani aje aseme mbele ya wanawake wa vijiji vitatu nyongeza ni kiasi gani, na iandikwe.

Kwa hiyo napendekeza tukutane. Nimetazama mwezi: tukae siku ya maji mafu, maji yasipokupwa sana, tarehe 8 ya mwezi wa Kiislamu unaokuja, kila mtu yuko nchi kavu. Saa tatu, chini ya mkungu karibu na skuli yetu. Semina ya viti vya kukodi hatuitaki, mikeka ipo. Karani?

Karani_wa_Mwani

Nitakuja. Bei siwezi kuahidi kabla ya kuzungumza na mkubwa wangu, nisije nikawadanganya. Nitakachoweza ni kuja na mizani na kununua magunia mawili, moja la chanja na moja la chini, nipime mchanga na unyevu wa kila moja mbele yenu. Tarakimu hizo ndizo nitakazompelekea mkubwa.

Fundi_wa_Maabara

Kipimo cha unyevu ninacho, nitakibeba. Na ile karatasi ya sheha nitaiandika usiku huu, niwaletee muisome kabla.

BintiPwani (mwenye uzi)

Alhamdulillah. Miche mitatu naikoroga Jumamosi.

Mama ameniambia nisilale kabla sijaandika swali lake kwenye daftari la Mwalimu, naliweka kama alivyolitamka: "Hizo nyavu za maji marefu nimezisikia, na kotonii naitaka. Mimi kuogelea sijui, na ngalawa ni ya wanaume wanaokwenda kuvua. Mtafiti aniambie nitafikaje huko."